Barua ya Kiingereza kwa Mama

Mtu akiniambia Kiingereza ni lugha tajiri huwa nanyamaza, maana nikianza kuongea hatutamaliza leo. Tajiri, ndiyo, sikatai. Nilifundishwa utajiri huo nikiwa kidato cha tatu, kwenye shule moja huku nyanda za juu za Mbulu, na aliyenifundisha alikuwa jirani yetu wa kijiji cha Daudi. Shamba lake na letu yalitenganishwa na mstari wa minyaa tu. Nakumbuka hata shati alilovaa siku ile, la mikono mifupi, na chaki mfukoni.

Aliandika ubaoni vitenzi vitano, kimoja chini ya kingine: "trespass", "encroach", "infringe", "impinge", "collide". Akageuka, akajipangusa mikono, akasema leo mtajua maneno ya watu kugongana na watu kuingiliana. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo ndilo linaniudhi mpaka leo. Cha mwisho alikifundisha kwa kupiga ngumi kwenye kiganja. Cha kwanza, alisema, ni mtu kuingia asipokaribishwa. Alipofika cha pili akainama, akatembeza vidole viwili juu ya dawati langu, taratibu, kama kuku anayetafuta punje.

"Huyu havamii," alisema. "Anayevamia anakuja na kelele. Huyu anakuja leo hatua moja, kesho hatua moja. Mwenye shamba anakuja kushtuka, mpaka wa shamba umeshahama."

Darasa zima likaandika. Nani angejua kwamba alikuwa anatusomea ratiba yake?

Mifano yake ilikuwa ya ng'ombe na wanakijiji tu. Ng'ombe wa wafugaji wameingia shamba la ngano. Wanakijiji wamemega msitu wa serikali. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyetoka upande wa Hanang, kwao ni wafugaji, mtu wa kusema mara moja kwa muhula. Siku hiyo akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, na trekta ikiingia malishoni, tunatumia kitenzi gani?" Mwalimu akajibu kwamba hayo yanaitwa maendeleo. Tukacheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa kipenzi chake. Aliniita Kamusi. Alikuwa amenipa kamusi yake ya zamani isiyo na jalada, na nilikuwa nalala nayo chini ya mto.

Hiyo ilikuwa miaka ile mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, bado tukiandika Arusha kwenye bahasha kwa mazoea. Soko huria lilikuwa limetufikia kwa njia ya malori. Wanunuzi walipanda mpaka kwetu wakitafuta vitunguu saumu, na ghafla ardhi ya bondeni, yenye unyevu, ambayo zamani ilikuwa ya kulima maharage na maboga, ikaanza kutazamwa kwa jicho lingine. Mama alikuwa na kipande cha ardhi hiyo, kirefu na chembamba, kutoka nyuma ya nyumba kushuka hadi karibu na kijito. Baba alikuwa ameshafariki. Kipande kile ndicho kilichonisomesha na ndicho kilichotulisha, na mwalimu alilijua hilo vizuri sana.

Kabla ya masika ya mwaka ule mdogo wangu wa mwisho alifariki. Alikuwa na miaka minne. Homa ilimshika ghafla, mama akampakia kwenye basi la Haydom kumpeleka hospitali, hakufika naye akiwa hai. Siwezi kuandika zaidi ya hapo kuhusu siku ile.

Baada ya mazishi mama alikaa metimani. Asiyetoka kwetu nimweleze. Kwetu Wairaqw mama akifiwa na mtoto anatengwa na watu, na yeye mwenyewe anajitenga. Haendi kwa mtu. Haombi moto wala chumvi. Hachoti maji wanapochota wengine, wala hapiti njia wanayopita wengine. Hakanyagi shamba la mtu, na hakuna mtu anayekanyaga la kwake. Wageni wakisikia wanasema mnamwadhibu mama wa watu. Si adhabu. Msiba wa namna ile unaaminika unaambukiza, unaingia kwenye nyumba ya pili na kuchukua mtoto wa pili, na mwenye msiba ndiye anayeuzuia usitoke. Muda ukitimia wazee wanakuja, ananyolewa, pombe inatengenezwa, anarudi kwa watu. Kanisani walikuwa wanahubiri tuyaache hayo, na wote tulikuwa tunaitikia amina, halafu tunarudi nyumbani kukaa kama babu zetu walivyokaa.

Mama alinituma nikakae kwa mama mdogo, karibu na shule, kabla sijalala hata usiku mmoja kwenye nyumba ya msiba. Hakutaka niguswe na jambo lile nikakosa masomo. Kwa hiyo kwa miezi mingi nilimwona mama yangu kwa mbali tu. Jumamosi nilikuwa natembea mpaka kwenye minyaa, upande wa bondeni, nasimama; mtoto wa nyumba aliruhusiwa kufika hapo, mradi asikaribie ua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo. Umekula?"

Tulikuwa tunaongea kwa kupaza sauti, yeye akiwa uani kwake, amefunga kitambaa kichwani, amekonda. Alikuwa amechimba kisima kidogo nyuma ya nyumba, akilima vijimboga vya pale pale uani. Kipande cha chini hakukigusa, kwa sababu pembeni yake ilipita njia ya watu kwenda kijitoni, na hakutaka mtu yeyote akutane na nyayo zake.

Jumamosi moja, mvua zikiwa zimeanza, nilifika nikakuta mahali ninaposimama pamelimwa. Upande wetu wa minyaa, si upande wa mwalimu. Matuta mapya yamenyooka vizuri. Nikasogea juu kidogo, nikasimama. Wiki iliyofuata ilibidi nisogee tena. Wiki ya tatu minyaa minne ilikuwa imeng'olewa, imetupwa kijitoni, na utomvu bado unachuruzika. Kila nikija kumsalimia mama nilikuwa namwona karibu zaidi, na nitasema ukweli, mara ya kwanza nilifurahi kabla sijaelewa kwa nini.

Halafu nikaelewa. Mtu analima shamba la mwanamke ambaye hawezi kutoka uani! Anamwangalia hivi hivi, mchana kweupe, bila haya, anajua hatamfuata, hatampigia kelele mpakani, hatakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, hatatuma mtu. Kesho yake mtu huyo huyo yuko kanisani kiti cha mbele, na Jumatatu yuko ubaoni anatufundisha tofauti ya kuingia na kumega.

Nilimfuata ofisini. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kamusi. Una shida gani?"

Nikasema shamba la mama limelimwa. Akatabasamu. Aliniambia ardhi isiyolimwa inaharibika, kwamba yeye anaisaidia tu, na kwamba mama yangu hajalalamika. "Angekuwa na neno angesema," alisema, akaniomba nimfutie ubao wa kidato cha kwanza. Nikaufuta! Naapa, mpaka leo nikikumbuka mkono wangu ukipanda na kushuka na kile kitambaa nataka kujipiga kofi. Mama mdogo nilipomweleza alishika kichwa, akasema tusubiri dada yake atoke metimani, kwani nani mwingine ana haki ya kusema juu ya shamba lile?

Mama alitoka msimu wa kiangazi. Wazee walikuja, akanyolewa, nikaruhusiwa kumgusa. Sitasahau jinsi alivyonishika mashavu kwa viganja vyote viwili. Baada ya siku chache alichukua jembe, akashuka kwenye kipande chake, akaanza kulima kuanzia pale minyaa ilipokuwa zamani, katikati ya vitunguu saumu vya mwalimu. Hakumwita mtu, hakutukana. Alilima tu.

Wiki haikuisha ikaja barua. Imepigwa taipu mjini Mbulu, imekunjwa mara tatu, yote Kiingereza.

Jamani. Mwalimu na mama wamezaliwa kilima kimoja. Wanaongea Kiiraqw kwenye vilabu vya pombe, Kiswahili kwenye mikutano, na nyumba zao ziko umbali wa mtu kupiga chafya akaitikiwa afya. Kama alikuwa na neno, si angesimama pale penye minyaa akasema? Lakini alijua mama alisoma mpaka darasa la nne. Alitaka karatasi ile imtishe kwa kutoeleweka. Na alijua ni nani atakayeisoma.

Niliisoma nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mama amesimama, jembe begani. Vitenzi vyangu vitatu vya kwanza vilikuwemo, vile vya ubaoni, na kila kimoja mtendaji wake alikuwa mama yangu. Ame-"trespass". Ame-"encroach". Amei-"infringe", yaani ameivunja, haki ya mlalamikaji, ambaye amelilima eneo hilo kwa amani tangu masika yalipoanza bila mama huyo kupinga hata siku moja. Aache mara moja, la sivyo shauri liende baraza la kata.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

"Inasema wewe umemwibia shamba lake."

Mama akakaa chini. Hakulia. Aliniambia niisome tena polepole, nisiache kitu, na nilipomaliza akaniuliza kama ile sehemu ya masika imeandikwa kweli. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaitazama muda mrefu, yeye asiyejua lugha ile, akasema, "Itunze hii karatasi isilowe." Siku hiyo hiyo alimwambia balozi kwamba yuko tayari kwenda baraza.

Baraza lilikaa nje ya ofisi ya kata, kwenye mabenchi, mzee mwenyekiti katikati na wajumbe pande zote mbili. Mwalimu alikuja na koti. Nilimwamkia, maana ningefanyaje, akaitikia vizuri kabisa na kuniuliza habari za masomo. Akaeleza shauri lake kwa Kiswahili cha kupendeza. Akasema kila kitu kimo kwenye barua, iliyoandikwa rasmi, na akaomba aisome.

Mwenyekiti akasema hapana. "Wewe ndiye mwenye shauri. Huyu binti si anasoma shuleni kwako? Atusomee kwa Kiswahili. Akikosea, wewe mwalimu wake utamsahihisha."

Mwalimu akacheka. "Hakosei huyu," akasema. "Ni mwanafunzi wangu bora."

Nikasimama. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi, sikuongeza chumvi, sikupunguza. Nilipofika pale, nikasema kwa sauti ambayo hata waliosimama barabarani wangesikia: "Mlalamikaji amelilima eneo hilo kwa amani tangu masika ya mwaka huu yalipoanza, na mama huyu hakupinga hata siku moja."

Mjumbe mmoja mwanamke, mama mtu mzima wa sauti nene, akainua kichwa. "Tangu lini?"

"Tangu masika yalipoanza, mama."

"Masika haya haya?"

"Haya haya."

Mwenyekiti akamgeukia mwalimu akamwuliza kama nimetafsiri sawa. Hapo angeweza kusema nimekosea. Angeweza kusema neno lile lina maana nyingine, na ni nani pale angembishia? Lakini kuna kiburi ambacho mwalimu hawezi kukizuia, na kilimponza. Alijishika kola ya koti, akasema, "Sahihi kabisa. Neno kwa neno."

Aliyekaa naye benchi moja akasogea mbali naye. Halafu wa pili naye akasogea, mpaka mwalimu akabaki na benchi peke yake. Nadhani ndipo alipoelewa, maana aliangalia mikono yake.

"Lo!" yule mama mjumbe akasema. "Masika hayo mama huyu alikuwa amekaa metimani. Wote tunajua alikuwa amekaa. Na wewe umeingia shambani kwake, ukalima, ukarudi ukala na watoto wako, ukaja kuwashikia daftari watoto wetu?"

Mwalimu akasema yeye ni Mkristo, mambo hayo ni ya zamani, haamini.

"Wote hapa ni Wakristo," yule mama alimjibu. "Kawaulize wazazi kesho watamleta nani shuleni."

Mwenyekiti hakupaza sauti. Alisema mwalimu achague. Kama aliingia shamba lile wakati ule, basi aondoke pale aende moja kwa moja nyumbani kwake akakae metimani, yeye na mke na watoto, mpaka wazee watakapomtoa, na shule ataiangalia kwa mbali. Kama hakuingia, basi barua yake ni uongo, na mpaka unabaki palipokuwa na minyaa.

Mwalimu akafunga vifungo vya koti. "Sikuingia," akasema.

"Basi zile saumu zilijipanda zenyewe," mwenyekiti akasema, na watu wakacheka kwa kupumua, kama waliofunguliwa mkanda.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri mtu aseme neno moja tu, kwamba huyu ni mwizi. Hakuna aliyelisema. Walimwogopa, walimtenga, walimcheka, lakini kosa walilomwona nalo ni la kukanyaga msiba, si la kumnyang'anya mwanamke shamba. Angelima mwaka mwingine, mama akiwa mzima na hana mtetezi, sijui kama lile benchi lingesogea hata shibiri moja. Na kwenye daftari la baraza katibu aliandika kwamba mlalamikaji ameondoa shauri lake. Nililiona kwa macho yangu. Mlalamikaji! Mama yangu hakuandikwa hata kwamba ameshinda. Jina lake liliandikwa mahali pa mshtakiwa, na liko hapo mpaka leo kama panya hawajalila.

Tulirudi kwa miguu. Tulipita njia ya kijitoni, tukasimama kwenye kipande chetu, na zile saumu zimejipanga, zimeiva, malori yangezigombania. Mama alisema zibaki hapo, hakuna atakayezila. Zilioza kweli. Baadaye tulipanda minyaa mipya mahali pa ile minne.

Lakini mimi bado nilikuwa na hasira, na kwa sababu mwalimu hakuwepo nikamgeuzia mama. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Alikuwa anamwona kila siku kutoka uani, hatua ishirini tu, anang'oa minyaa, na yeye hakutoa hata sauti. Kama angepiga kelele mara moja tu, yule mtu asingepata la kuandika. "Ulikuwa unaogopa nini?" nilimwuliza, tena kwa ukali ambao kwetu mtoto hamwambii mzazi.

"Nani amekwambia nilinyamaza?" alisema.

Akaweka jembe chini. Aliniambia kwamba asubuhi ile ya kwanza, mwalimu alipovusha plau upande wetu, yeye alitoka mpaka mwisho wa ua, alipoweza kufika, akamwita. Hakumwambia atoke shambani kwake. Shamba halikuwa moyoni mwake siku zile. Alimpigia kelele mara tatu, mpaka sauti ikamkauka: "Mwalimu, pita mbali! Nimefiwa na mtoto, na wewe una watoto!"

"Na yeye akasemaje?"

"Alivua kofia," mama alisema. "Akasema, 'Asante, mama.' Halafu akawachapa ng'ombe wakaendelea."